WUFA MOJA AU MBILI? MIMI NASEMA MBILI, LAKINI SIKILIZENI KWANZA

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili

Kila tunaporudi kutoka likizoni, mabishano huanza bwenini kabla hata masanduku hayajafunguliwa. Huyu anasema kwao kumenunuliwa wufa ya kuvunja vioo. Yule anasema kwao ziko mbili. Wa tatu anaangua kicheko na kuuliza, mbili za nini bwana, kwani mna masikio manne? Basi nimeona afadhali nitoe maoni yangu hapa gazetini, mahali ambapo hakuna wa kunikatiza, ili jambo hili lijadiliwe kwa akili wala si kwa kelele.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Mtaani mtu akisema "wufa" huwa anataja mtambo mzima, pamoja na redio na spika zake ndogo. Mimi hapa nina maana ya kile kisanduku kikubwa tu, kinachokaa sakafuni na kutoa besi, yaani zile sauti nzito za chini. Kwenye katoni utaona pameandikwa 2.1. Maana yake ni spika ndogo mbili na kisanduku kimoja cha besi. Swali letu basi ni hili: katika sebule ambamo watu huketi pamoja kusikiliza muziki, ni bora iwepo wufa moja au mbili?

Msimamo wangu ni kwamba mbili ni bora. Hata hivyo, sisemi hivyo kwa sababu wanayoitoa majamaa wengi, ati mbili zinapiga zaidi. Mwenye kutaka kelele tu, moja kubwa yamtosha, tena inamzidi. Mimi nasema mbili kwa sababu ya haki. Naam, haki! Wufa mbili zikiwekwa panapofaa, kila aliyeketi sebuleni hupata fungu lake la besi karibu sawa na mwenzake. Wufa moja mara nyingi humpa mmoja asali na mwingine nta.

Mtaniuliza, hayo yatokea vipi? Sauti si hewa tu, itajaa chumba chote? Hapo ndipo wengi wanapokosea njia. Hebu tutumie fizikia kidogo, msiogope.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde. Ukigawa kasi hiyo kwa idadi ya mitetemo kwa sekunde unapata urefu wa wimbi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la kawaida la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Fanyeni hesabu wenyewe. Wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8! Sasa chukua sebule ya mita 5 kwa 4. Wimbi ni refu kuliko chumba. Litakwenda wapi? Linagonga ukuta, linarudi, linakutana na jingine linalokuja. Mahali yanapokutana yakasaidiana, besi huvimba. Mahali yanapokutana yakapingana, besi hufa. La ajabu ni kwamba mahali hapo hapahami. Vilima na mabonde ya sauti hukaa palepale wimbo mzima, kana kwamba sebule ina Bonde la Ufa lake.

Katika chumba hicho cha mita 5, sauti ya mitetemo 34 kwa sekunde ina nusu wimbi ya mita 5, sawasawa na urefu wa chumba. Sauti hiyo itavimba penye kuta mbili za mwisho na kufifia katikati. Upana wa mita 4 nao una sauti yake, ya mitetemo 43 hivi, ambayo iko karibu kabisa na noti ya F ya chini ya gitaa la besi. Kwa hivyo nyanya aliyewekewa kiti chake kule pembeni, penye kuta mbili, atasikia besi ikimvumia hadi kichwa kimuume. Mjomba aliyeketi katikati ya chumba atauliza, "Hiki chombo kimeharibika nini? Mbona hakina besi?" Wote wawili wanasema kweli. Wamo chumba kimoja, wanasikiliza wimbo mmoja, lakini ni kana kwamba kila mmoja ana redio yake.

Je, mjomba hufanya nini? Huinuka akaongeza sauti. Nyanya naye hufanya nini? Huhama sebule akaenda kulala mapema. Ndiyo maana nasema jambo hili si mchezo wa vijana tu. Ni suala la nani anafurahia chombo kilichonunuliwa kwa pesa za nyumba nzima.

Wapenzi wa zilizopendwa na benga watanielewa upesi. Katika benga, besi haikai mahali pamoja ikipiga noti moja kama mtu anayetwanga. Hukimbia, huruka, hujibizana na gitaa la solo. Sikilizeni muziki wa Shirati Jazz yake D. O. Misiani, mtaona namna besi inavyoubeba wimbo. Sasa wufa moja iliyotupwa ovyo pembeni itaifanya noti moja ivume kama ng'ombe na noti ya pili yake ipotee kabisa. Mbio zile huwa za kuchechemea. Halafu tunamlaumu fundi aliyerekodi, kumbe mkosaji ni chumba chetu.

Ngoma ya uwanjani haina taabu hii. Vumi likipigwa chini ya mwembe hakuna kuta za kulirudisha, kwa hivyo mlio wake huenda ukipungua taratibu kadiri unavyokwenda mbali. Lakini sisi tumeileta ngoma ndani ya nyumba. Nyumba nyingi za mijini hujengwa kwa mawe na saruji, na ukuta wa namna hiyo hurudisha karibu besi yote inayoufikia. Wako wanaodhani pazia zito na zulia zitaimeza. Wapi! Pazia linaweza kupunguza sauti nyembamba, lakini wimbi la mita 8 halina habari na pazia.

Hapo sasa ndipo wufa ya pili inapoingia. Mnaujua ule ubao wa watoto wa kuchezea, unaopanda huku na kushuka kule? Mtoto mmoja akikandamiza upande mmoja, ubao unainama. Watoto wawili wenye uzito sawa wakikandamiza pande zote mbili kwa wakati mmoja, ubao unatulia. Na mtoto akisimama katikati kabisa, penye mhimili, hata arukeruke namna gani ubao hauinami. Chumba ni vivyo hivyo. Sauti ile ya mitetemo 34, hewa inapobanwa kwenye ukuta mmoja huwa inalegea kwenye ukuta unaoukabili. Ukiweka wufa mbili katikati ya kuta mbili zinazokabiliana, moja mbele na nyingine nyuma, zikisukuma pamoja, moja inazuia mwinamo wa nyingine. Papo hapo, kwa kuwa kila moja iko katikati ya upana, imesimama penye mhimili wa ile sauti ya mitetemo 43. Kwa hivyo mawimbi mawili makubwa yenye kuudhi yanatulizwa kwa mpigo mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa, wasema wahenga, na hapa maneno yao yamepimwa na fizikia yakasimama.

Si mimi peke yangu ninayesema haya. Mwaka 2002, Todd Welti wa kampuni ya Harman ya Marekani alitoa makala kwenye mkutano wa Audio Engineering Society mjini Munich, Ujerumani. Swali lake lilikuwa wufa ngapi zinatosha. Alichunguza mipango mingi ya wufa katika vyumba vya mstatili, akilenga usawa wa besi katika viti mbalimbali. Alipata kwamba nne zilizopangwa vizuri hutoa usawa mkubwa na kwamba kuongeza zaidi ya hapo hakuleti faida ya maana. Tena alipata kwamba mbili, zikiwekwa katikati ya kuta zinazokabiliana, hukaribia sana nne. Basi kwa nyumba ya mtu wa kawaida, mbili ndio mwisho wa busara. Wa nne na afungue sinema.

Lakini lazima niwape wapinzani nafasi yao, maana mjadala wa upande mmoja ni hotuba.

Wapo wasemao, "Moja shika si kumi nenda uje. Afadhali wufa moja ya maana kuliko mbili za takataka." Katika hili sina ubishi mkubwa. Kisanduku cha mbao nyepesi kinachokoroma kila besi inapoingia, hata ukinunua vitatu, utapata mikoromo mitatu. Ila msidanganywe na ukubwa. Wufa mbili zenye koni ya inchi 8 zina eneo karibu sawa na moja ya inchi 12. Zidisha 8 kwa 8, halafu mara mbili, upate 128. Zidisha 12 kwa 12 upate 144. Mbili za inchi 10 zinafika 200, zinaipita kabisa. Tena mbili zikifanya kazi pamoja, kila moja haihitaji kujikaza sana, na chombo kisichojikaza hakikoromi. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka.

Papo hapo niwaonye kuhusu katoni. Ukiona pameandikwa maelfu ya wati halafu herufi PMPO, tabasamu uendelee kutembea. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayokubaliwa, na kila mwenye kiwanda anaweza kujipimia apendavyo. Tafuta wati zilizoandikwa RMS. Zitakuwa chache zaidi, lakini ziko karibu zaidi na ukweli.

Wengine husema wufa ikiwekwa nyuma ya kochi, utasikia besi inatoka kisogoni wakati mwimbaji yuko mbele. Hoja hii ina ukweli nusu. Sauti za chini ya mitetemo 80 hivi kwa sekunde, sikio la mtu hupata shida kujua zinatoka upande gani. Kwa hivyo wufa inayotoa besi halisi tu, hata ikiwa nyuma yako, haijitangazi. Lakini zipo wufa za bei rahisi ambazo huchanganya besi na sauti za juu zaidi, hadi unasikia mpaka mazungumzo ndani ya kisanduku. Hizo zitajitangaza. Ikiwa yako ina kitufe cha kuchagua mwisho wa besi, kiteremshe kifike karibu na 80. Ikiwa haina, afadhali uiache mbele, usihangaike na ya pili.

Kuna pia anayesikiliza peke yake, kiti kimoja, chumba kimoja. Huyu sina haja ya kumuuzia wufa ya pili. Haki ya viti inahitaji viti vingi. Yeye anaweza kuipangia wufa yake moja mahali panapokifaa kiti chake, na kuna njia ambayo haigharimu hata shilingi. Chukua wufa uiweke palepale unapoketi, juu ya kiti chenyewe kama kinaweza kuibeba. Piga wimbo wenye besi inayopanda na kushuka. Kisha piga magoti utambae kandokando ya kuta, sikio likiwa chini. Ndiyo, utachekwa, wacha wacheke! Mahali utakaposikia noti zote zikija sawasawa, hakuna inayovuma wala inayopotea, hapo ndipo uweke wufa, nawe urudi kwenye kiti chako. Sauti hupita njia ileile kwenda na kurudi, kwa hivyo ulichosikia hapo ndicho utakachosikia kitini.

Tena naongeza kwamba hata mwenye nia ya kununua mbili, aanze kwa kutambaa hivi na ile aliyo nayo. Huenda wufa anayoiona mbovu ni nzima kabisa, ila imewekwa pabaya. Pesa za wufa ya pili si kokoto. Katika nyumba ambamo karo bado haijakamilika, kuhamisha kisanduku mita mbili ni busara kuliko kwenda dukani.

Sasa kosa linalonikera zaidi. Kuna watu hununua wufa mbili halafu wakazipanga zote chini ya televisheni, ubavu kwa ubavu, kama mapacha wanaopigwa picha. Jamani! Hapo umenunua wufa moja kubwa kwa bei ya mbili. Besi itaongezeka kwa nguvu, lakini vilima na mabonde yatabaki palepale. Ukiziweka kwenye pembe mbili za mbele, angalau unatuliza wimbi la upana, ingawa lile la urefu litabaki. Ukikosa nafasi katikati ya kuta kwa sababu ya mlango au kabati, jaribu pembe mbili zinazokabiliana mshazari. Si kamili, lakini ni afadhali mara nyingi kuliko kuzibandika pamoja. Na ziwe za aina moja, tena zote zisukume kwa wakati mmoja. Kama zina swichi ya kugeuza mwelekeo wa msukumo, yenye 0 na 180, zote ziwe upande mmoja. La sivyo, moja itasukuma nyingine ikivuta, nawe utashangaa besi imekwenda wapi.

Kabla ya kununua, chungulia pia nyuma ya mtambo wako. Kama amplifaya ina tundu la kutolea besi, waya wa kugawa mara mbili unatosha kulisha wufa mbili zenye amplifaya zao ndani. Ile mitambo ya 2.1 ambayo kila kitu kimo ndani ya kisanduku kimoja, mingi haina tundu hilo. Usikate nyaya ukaunganishaunganisha kwa kubahatisha. Umeme hauna mjomba wala shangazi.

La mwisho ni majirani. Najua mwalimu wa zamu alikuwa akilingojea. Besi haiheshimu ukuta wala mipaka ya shamba. Katika nyumba za mbao na mabati hupenya nje kwa urahisi, na katika nyumba za ghorofa hupanda na kushuka kupitia sakafu. Hapa Kenya zilitungwa kanuni mwaka 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo ya kupita kiasi, na NEMA wakapewa jukumu la kuzisimamia. Lakini hata bila kanuni, mtoto wa jirani anayejiandaa kwa mtihani ana haki ya kusoma. Wapinzani wangu husema wufa mbili zitamwongezea jirani mateso mara mbili. Mimi naona kinyume, mradi mwenye nyumba awe mwungwana. Mtu huongeza sauti kwa sababu ameketi bondeni hasikii. Ukimwondolea bonde lile, hana tena sababu ya kugusa kile kitufe. Besi iliyogawanywa sawa hutosheleza hata ikiwa ndogo, kama chakula kinavyotosheleza kikipakuliwa kwa haki.

Basi maoni yangu ni hayo. Anayesikiliza peke yake, na anunue moja nzuri, aiwekee mahali pake kwa magoti yake mwenyewe. Nyumba yenye watu wengi wanaoketi pamoja, na inunue mbili ndogo zilizo sawa badala ya moja kubwa ya kujivunia, iziweke zikabiliane, kisha sauti ipunguzwe. Asiye na pesa za mbili leo, haba na haba hujaza kibaba. Aanze na moja ambayo mwaka ujao ataweza kuitafutia pacha wake. Na nyanya akisema besi inamuumiza, asiambiwe kwamba muziki ni wa vijana. Apewe kiti kingine, kwa maana masikio yake yametambua kosa la chumba kabla yenu nyote.

Mwenye maoni tofauti asininong'onee kwenye foleni ya chakula. Na achukue kalamu, aandike, alete makala yake kwa mhariri kabla ya toleo la mwaka ujao. Nitayasoma kwa hamu, na akinishinda kwa hoja nitampa mkono mbele ya chama kizima.